Ini la Mzee Massoudi

Baba yangu ana wake wawili na ini moja. Hesabu hiyo haikumsumbua mtu mpaka mwaka huu, kwa sababu ini halina zamu. Halilali siku mbili Buyenzi, bondeni Bujumbura, kwa mama yangu, Sijaona, na siku mbili Mutanga Sud, mlimani, kwa mama mdogo, Houda. Linamfuata Mzee popote aendapo, kimya, wala halimuulizi ametoka wapi. Wallahi, katika ukoo wetu hicho ndicho kiungo pekee kisicho na wivu.

Mambo yaliharibika siku alipopimwa damu. Alikwenda kulalamikia uchovu tu, ule wa mtu anayeuza spea za magari mtaani Asiatique kutwa nzima na jioni ana mlima wa kupanda au wa kushuka kutegemea zamu. Akaambiwa ana virusi vya hepatiti B, tena pengine anavyo tangu ujana. Sisi wengine tukapimwa, tukachomwa sindano za kinga. Yeye akabaki na daktari wake, mwanamke Mkongomani wa Bukavu anayeitwa Lisette, ambaye alituelezea vizuri.

"Damu imetuambia mwizi iko ndani ya nyumba," alisema. "Haikutuambia ameharibu nini. Sasa tutapima ugumu wa ini. Ini nzuri ni laini. Ikikaa na ugonjwa miaka mingi inafanya makovu, na makovu yanaikaza. Ikishakaza, kuna vidonge vya kila siku, chakula bila chumvi nyingi, kupumzika, na mutu mumoja wa kusimamia hayo yote."

Familia nyingine ingeshtushwa na neno makovu. Yetu ilishtushwa na "mutu mumoja".

Mzee naye, badala ya kunyamaza, akawakusanya wake zake uani kwetu Buyenzi akawatangazia: "Ini ikiwa imekaza, mi sitaweza tena kupanda na kushuka. Nitakaa nyumba moja." Hakusema ipi. Akanywa chai yake, akaondoka kwenda kuswali.

Kuna methali ya fahari wawili na zizi moja. Ya fahari mmoja na mazizi mawili haipo. Nahisi aliyetaka kuitunga alikuwa na wake wawili, akakosa nafasi.

Jioni ile mama yangu alichambua mchele mpaka nikaogopa utaisha. Mwisho akasema bila kuniangalia: "Shakuru, mwanaume akihamia mahali kwa sababu ya ugonjwa, hatoki pale hata akipona. Akienda kule, ameenda."

"Mama, labda atachagua hapa."

"Labda," alisema. Nimesoma shule hadi sekondari nikamaliza, lakini sijawahi kusikia neno moja likikataa jambo kwa nguvu namna ile.

Sasa lazima niwaambie sheria ya Buyenzi, haijaandikwa popote ila kila mwanamke anaijua. Mume asitoke nyumbani asubuhi na tumbo tupu. Akionekana barabarani anameza mate mbele ya muuza ibitumbura, yale maandazi ya mviringo, mkewe keshatangazwa mtaa mzima. Na kwa mwenye wake wawili sheria ina kifungu cha pili: akitoka kwa mmoja akafika kwa mwingine, asipokula, amesema jambo. Mwanaume anayesukuma sahani ni mwanaume aliyeshibishwa kwingine. Ndiyo maana Mzee ana tumbo lile. Wateja wa Asiatique wanadhani ni pesa. Ni usawa tu.

Na daktari Lisette alikuwa amesisitiza aje bila kula. Chai hapana, sukari hapana. Mimi ndiye niliyepeleka ujumbe nyumba zote mbili kwa simu. Mama alisema, "Nimesikia." Houda alisema, "Nimesikia, mwanangu," ingawa amenizidi miaka michache tu na tungeweza kusoma darasa moja, yeye mbele, mimi nyuma nikimtupia karatasi. Lakini heshima ni heshima. Namwita mama mdogo.

Usiku wa kuamkia kipimo ulikuwa wa Houda. Asubuhi Mzee akashuka na gari mpaka Buyenzi kumchukua mama, halafu ilibidi apande tena hadi Gihosha iliko kliniki. Kwa uhaba wa mafuta tulionao, mtu kushuka mlima ili aupande tena ni mapenzi, au ni hofu. Mzee alipoingia, mama alikuwa tayari amevaa. Sufuria ya supu ilikuwa jikoni, imefunikwa, juu ya kifuniko ameweka jiwe.

Akamsogelea mumewe kumnyoosha kola. Akasimama. Akavuta pumzi.

"Iliki," alisema.

"Iliki gani?" Mzee akauliza, akirudi nyuma.

"Mi sitiagi iliki. Massoudi, umekula."

"Kidogo tu, Mama Shakuru. Ningefanya nini? Aliweka mezani akaniuliza kama siku hizi chapati zinazolika ni za Buyenzi peke yake."

Mama akaangalia lile jiwe. "Mi niliambiwa na mwanangu usiguse hata sukari. Nikapika supu, nikafunika, nikasema atakunywa akirudi. Kumbe huko hawana vifuniko."

Akatoa jiwe.

"Mama," nikasema, "daktari amekataza."

"Amekataza sisi wote, ao amenikataza mimi peke yangu?"

Swali hilo halikuwemo kwenye mtihani wa taifa. Supu ikamiminwa bakulini mpaka ukingoni, nyama ikafuata, na chapati mbili nene zikawekwa juu kama paa. Mzee alikula akiniangalia kwa macho ya mbuzi wa Idi. Alimaliza yote. Mama alisimama juu yake mpaka mfupa wa mwisho.

Gihosha tukamkuta Houda amekwisha fika, amekaa kwenye benchi la korido na kitenge kipya, kilemba kimesimama kama kina digrii.

"Salam aleykum, Dada," alisema.

"Waleykum salam. Umewahi."

"Kwangu ni karibu."

"Ndiyo," mama akajibu, "we uko karibu na kila kitu."

Lisette akafungua mlango na kusema mgonjwa aingie na mtu mmoja. Wakaingia wawili. Mimi nikafuata, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ananihesabu.

"Papa," daktari akauliza, "umekuja à jeun? Haukula kitu?"

Mzee akaangalia dari. Nilimwelewa. Akisema amekula, swali la pili ni wapi, na kila jibu linachoma nyumba moja. Mama akawa anasoma bango la ukutani lililoandikwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Houda akakagua kucha zake, moja moja. Mimi nikafungua mdomo, na kisigino cha mama kikaniangukia kwenye vidole vya mguu.

"Apana, Docteur," alisema Mzee.

"Vizuri. Lala mugongo. Mukono wa kuume nyuma ya kichwa."

Akalala kama mtalii wa ufukweni, tumbo juu. Lisette akanyoosha mkono kumfungulia vifungo vya shati.

"Atafungua mwenyewe!" wakasema mama na Houda kwa sauti moja. Toka ndoa ile ya pili ifungwe sikuwahi kuwasikia wakikubaliana.

Lisette akacheka, akampaka mafuta ya baridi mbavuni, akaweka kichwa cha mashine katikati ya mbavu mbili. "Hii ni elastografi. Kichwa hiki kinagonga kidogo, kinatuma wimbi ndani ya ini, mashine inaangalia wimbi linaenda mbio namna gani. Kwenye kitu kigumu linakimbia. Kwenye laini linajivuta."

"Kama mi ninavyogonga tairi nikitaka kujua upepo," Mzee akasema.

"Ni karibu hivyo, Papa. Ila usiniletee nyundo."

Tak. Tak. Tak. Mashine ikawa inambishia hodi mbavuni. Kila ikigonga, wake wawili walikuwa wanakunja uso kama wanaogongwa wao. Houda alikuwa anaangalia vidole vya daktari. Mama alikuwa anamwangalia Houda. Kwenye kioo namba zilikuwa zinabadilika, na kila namba uso wa Lisette ulikuwa unapoa.

Mwisho akafuta kichwa cha mashine taratibu.

"Papa, ini imekaza. Sikutegemea hivi. Iko kumi na kitu, na mi nilikuwa nafikiri tutapata sita, saba. Kwa namba hii tunaanza vidonge." Akavuta kiti. "Na yule mutu wa kusimamia nyumbani, mumeshaongea?"

Mzee aliinuka akakaa, shati wazi, mafuta yanamtiririka ubavuni. Hakumwangalia mtu.

"Nitakaa kwa Houda," alisema.

Nilidhani mama atapiga kelele. Alikaa tu kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, anaufunga na kuufungua. Angelia ningejua la kufanya, ningetoa mzaha wowote. Houda aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini kilemba chake kilikuwa kinatabasamu.

Ndipo mama akasema: "Docteur, amekula."

Kalamu ya Lisette ikasimama. "Namna gani?"

"Supu na nyama na chapati. Kwangu, kabla hatujaja. Mi ndiye nilimpa."

Ilimgharimu, hilo nililiona. Kusema mbele ya mwanamke mwenzake kwamba daktari alikataza na yeye akapakua hata hivyo! Lisette alimgeukia Mzee kwa ukali wa mwalimu wa hesabu.

"Papa! Mutu akila, damu nyingi inakimbilia kwenye ini, ini inavimba na kukaza, mashine inapandisha namba. Umekula ao haukula?"

Na Mzee, masikini, aliyekwisha kutangaza nyumba na hakutaka kuanza upya, akasema: "Nilionja, Docteur. Vijiko tu. Ya kumuridhisha."

Lisette akasita. "Vijiko haviwezi kupandisha hivi. Kama ni kuonja tu, tunaacha namba ilivyo."

Nikamwangalia mama. Ndipo nikauona uso wake ukibadilika. Ni uso anaouvaa sokoni pale muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, anapokataa kushusha bei. Akageuka kwa Houda, akatikisa kichwa kwa huruma nyingi mno.

"Hakuonja, Docteur. Alimaliza bakuli. Alifika kwangu na njaa, mikono inatetemeka. Mi nilimuhurumia. Mutu analala mahali usiku muzima, anatoka pale kama ameachwa."

"Na njaa?" Houda akasema.

"Mwanangu pia aliona. Siyo, Shakuru?"

Mi nilikuwa nimeiona iliki ikipita chumbani kama mtu. Lakini ni mama yangu. Nikainamisha kichwa kwa huzuni, na nadhani niliifanya vizuri.

"Na njaa, kutoka kwangu?" Houda alikuwa amesimama. "Docteur, asikudanganye! Huyu mutu ametoka kwangu hawezi kufunga mukanda! Niliamka kabla ya adhana. Nimemupa chapati za mayai na maini ya kukaanga, chai ya maziwa na iliki, akaomba tena, nikamuongeza! Uliza gari, lilikuwa linashuka mulima peke yake kwa uzito! Hata hiyo supu yake aliinywa kwa heshima tu, hakuna mahali ilibaki ya kuiweka!"

Akanyamaza kwa kukosa pumzi. Halafu akasikia alichokisema. Niliona kikimfikia, polepole, kutoka masikioni hadi miguuni. Akakaa.

Mama alikuwa anaangalia dirishani, mpole kama mtu aliyetoka kuswali.

Lisette akaweka kalamu. Kwanza alitaka kukasirika, kisha akashindwa, akajifunika mdomo kwa makaratasi. "Maini," alisema. "Amekuja kupimwa ini na ndani amejaza maini." Akajifuta macho. "Namba hii naitupa. Mutakaa hapa masaa matatu, na asile kitu, nitapima tena."

Nje, suala la nani amlinde Mzee halikujadiliwa. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake hafai. Mzee akakaa katikati ya benchi, Sijaona kulia, Houda kushoto, na hata alipokwenda chooni nilitumwa nimfuate na kutazama mifuko yake. Akapita muuza ibitumbura nje ya geti, na macho manne yakageuka kuutazama mdomo wa baba yangu kama polisi wa barabarani. Hakuwa na njaa hata kidogo. Alikuwa na njaa ya kuwa mgane tu, nadhani.

Houda akaniita nikamsogelea. Kilemba kilikuwa kimelala upande.

"Shakuru, mama yako ni mutu mubaya."

"Mi nimekaa naye toka kuzaliwa, mama mdogo. We ulifikiri unacheza na nani?"

Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "We unacheka tu. Zile siku zake za Buyenzi, unajua mi nafanya nini? Nasikiliza kila gari inayopanda. Najua siyo siku yangu, najua hatakuja. Nasikiliza tu."

Mama, ambaye tulidhani anasinzia, akajibu bila kufumbua macho.

"Gari yake unaitambua kabla haijafika kwenye kona. Inakohoa mara mbili." Akasogeza mkoba wake mapajani. "Inayokohoa mara moja ni ya jirani."

Houda akamtazama. Mzee katikati yao alikuwa ameangalia viatu vyake, na kwa mara ya kwanza nilimwona akiwa mdogo kuliko tumbo lake.

Muda ulipotimia tukaingia tena, wote. Safari hii Lisette hakumuuliza Mzee kama amekula. Aliwauliza wake zake, mmoja mmoja, akiwatazama machoni. Mashine ikagonga. Tak. Tak. Wimbi likajivuta, namba zikashuka, zikatulia kwenye sita na kitu.

"Hii ndiyo ini yako, Papa," alisema Lisette. "Imekaza kidogo sana. Hakuna vidonge kwa sasa. Tutaiangalia tena kisha miezi sita. Na mukikuja, tafadhali, mumulete amefungwa mudomo."

"Alhamdulillahi!" Mzee akaruka kitandani. Akafunga vifungo vya shati vibaya, kimoja juu kimoja chini. "Basi tunaendelea kama zamani! Leo ni zamu ya Buyenzi. Mama Shakuru, twende."

Mama hakuinuka.

"We endelea," alisema. "Mi nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Ulipoulizwa, ulichagua. Hapa, mbele ya Docteur, mbele ya mtoto. Ini yako imelainika, lakini masikio yangu hayakufutika. Nenda kwa uliyemuchagua."

Houda akainua kilemba. Daktari akajifanya anatafuta kitu kwenye droo. Mzee alisimama pale katikati ya wanawake watatu na mashine moja, jasho likimtoka, na nikajua kwamba lolote atakalosema litakuwa baya. Nilikosea. Lilikuwa baya kuliko hapo.

"Sikuchagua mutu!" akasema. "Mama Shakuru, wallahi, unanionea bure. Niliambiwa chakula kisicho na chumvi, nacho kinachacha upesi. Nikafikiria nyumba yenye friji. Nilichagua friji!"

"Friji?" Houda akauliza, kwa sauti ndogo sana.

"Friji tu, haki ya Mungu!"

Mama akaanza kucheka. Hakikuwa kicheko cha kumkomoa mtu. Kilimtoka tu, mabega yakatikisika, mkoba ukaanguka chini. Akainuka, akampita Houda, ambaye alibaki amekaa akitazama ukuta. Nafikiri ndiye mwanamke wa kwanza Bujumbura kuionea wivu friji yake mwenyewe. Nilimwambia, "Kwa heri, mama mdogo." Hakujibu. Tulimwacha anafungua kilemba na kukifunga upya, taratibu, kama anayejiandaa kurudi nyumbani kupigana na kitu kirefu cheupe kilichosimama jikoni.

Garini mama alikaa mbele. Tulishuka kutoka Gihosha madirisha wazi, Mzee anaimba kidogo kidogo, amesamehewa, au ndivyo alivyofikiri. Tulipofika karibu na mjini mama akageuka nyuma.

"Shakuru."

"Naam, Mama."

"Kesho utaenda Asiatique kwa wale wauza vyombo. Utaniulizia friji. Iwe kubwa kuliko ile yake."

"Mama, kwetu umeme unakuja ukipenda."

"Mi nimekuuliza umeme?"

Mzee akaacha kuimba.